Avoka: Tunda, Wakili na Wino Mwekundu

Nilipokuwa shule ya msingi hapa Bunia, niliandika katika insha: «Mama ananunua avoka sokoni.» Mwalimu alilipigia neno hilo mstari mwekundu, akaandika pembeni: «parachichi». Kwetu nyumbani hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo. Kwa miaka mingi niliamini kwamba Kiswahili chetu cha Ituri kimeharibika. Leo nina miaka 24, nasoma lugha za Kiafrika, na nataka kulikagua neno lile upya.

Tuanze na asili. Huko Mexico, wasemaji wa Kinahuatl waliliita tunda hili ahuacatl. Wahispania walilitamka aguacate; likageuzwa pia kuwa avocado, kwa kuvutwa na neno lao la kale lenye maana ya mwanasheria. Kifaransa kikapata avocat, nasi kutoka Kifaransa tukapata avoka.

Hapa mwanafunzi ajihadhari. Mjini kwetu avoka ni tunda, na avoka ni wakili pia. Ni rahisi kudhani kwamba jina moja limezaa lingine. Sivyo. Avoka wa mahakamani ametokana na Kilatini advocatus, yaani «aliyeitwa kusaidia». Maneno haya mawili yamekutana njiani tu. Si ndugu wa damu. Upatanisho wa kisarufi huyatenganisha: avoka huyu amefika, avoka hii imeiva.

Je, avoka ni neno la kigeni? Kwa asili, ndiyo. Lakini kahawa limetoka Kiarabu, na nanasi lina mizizi katika lugha za wenyeji wa Amerika Kusini. Mahindi nayo yalitoka Amerika, ingawa jina lake linaelekeza India. Maneno hayo hayapigiwi mstari mwekundu, kwa kuwa yameshazoeleka na yamo katika kamusi. Hata mparachichi wenyewe ni mti mgeni Afrika nzima.

Kwa hiyo etimolojia hutueleza neno limetoka wapi. Haituambii nani ana haki ya kulitumia. Swali la usanifu ni jingine: tunamwandikia nani? Nikimwandikia msomaji wa Dodoma au Mombasa, nitaandika parachichi ili anielewe. Siku nitakapopewa darasa, nitamfundisha mtoto neno hilo pia. Ila sitalikata la kwake. Nitaandika yote mawili ubaoni, avoka na parachichi, nimweleze kila moja linatumika wapi, ili asirudi nyumbani akidhani mama yake hajui Kiswahili.