Umejuaje? Somo la Kumfunza Mtoto Kutafuta Ilimu Vitabuni

Mtoto wa skuli siku hizi akirudi nyumbani na kusema, "Nimetakiwa nilete khabari za Ngome ya Mombasa," mara nyingi mambo huenda hivi. Mzee wake humpa pesa akaenda saiba, mwenye mashine akamtolea karatasi nne zilizokwisha pigwa chapa, na kesho yake akazipeleka kwa mwalimu, akatiwa alama nzuri. Ukimuuliza ngome hiyo ilijengwa lini, hajui. Ukimuuliza maneno ya karatasi zile ni ya nani, hajui vile vile. Je, mtoto huyu amejifunza nini? Sisi twaona amejifunza mambo mawili, na yote mawili ni mabaya: kwamba ilimu ni kitu cha kununuliwa kwa karatasi, na kwamba maneno ya mtu mwengine huwa yako ukiyabeba mkononi.

Hatumlaumu mtoto, wala hatuilaumu mashine. Asiyefunzwa njia hushika iliyo karibu. Mtaala mpya uliotandazwa nchini Kenya tangu mwaka 2019 wawataka watoto watafute mambo wao wenyewe, na shauri hilo ni jema. Lakini kumwambia mtoto "katafute" pasi na kumfunza namna ya kutafuta ni kama kumtia baharini asiyejua kuogelea. Makusudio ya somo hili ni kuonyesha kuwa njia hiyo yafunzika, na kwamba mtoto wa miaka minane au tisa aweza kuishika.

Jambo la kwanza ni swali. "Khabari za ngome" si swali. Mvuvi hatoki na chombo bila ya kujua amfuata samaki gani, kwani ndivyo ajuavyo achukue mshipi au nyavu. Basi kabla ya kufungua kitabu chochote, mtoto na aandike kwa mkono wake maswali matatu: Ni nani walioijenga ngome hii? Ilijengwa mwaka gani? Waliijenga kwa sababu gani? Mwalimu asimwandikie. Swali alilolitunga mwenyewe ndilo atakalolitafutia jawabu kwa hamu.

Jambo la pili ni kuijua maktaba. Watu wengi huingia maktaba wakaona ukuta wa vitabu, wakatoka. Lau wangalijua kuwa kila kitabu kina nambari mgongoni, na nambari hiyo ni anwani yake, wasingaliogopa. Mpango utumikao katika maktaba nyingi ulitolewa mwaka 1876 na Melvil Dewey wa Marekani. Aliigawa ilimu mafungu kumi, tangu 000 mpaka 900: dini ziko 200, na Uislamu 297, sayansi iko 500, tarikhi na jiografia ziko 900. Mtoto wa pwani na afunzwe kwa kitu akijuacho, nacho ni samaki. Kitabu cha samaki kwa kuwa ni mnyama kiko 597. Kitabu cha uvuvi kiko 639. Kitabu cha kumpika kiko 641. Samaki ni mmoja, na nyumba zake ni tatu, kwa sababu maswali ni matatu. Akilifahamu hili, amefahamu kwa nini tulianza na swali.

Wala asidhani mzee yeyote kuwa kupanga vitabu ni jambo geni kwetu. Mwaka 377 wa Hijra, yaani 987, Ibn al-Nadim wa Baghdad alitunga kitabu chake Al-Fihrist, akaorodhesha humo vitabu na waandishi wao kwa ilimu mbali mbali, naye pia alikigawa mafungu kumi. Neno letu "faharasa" ni jamaa wa jina la kitabu hicho.

Jambo la tatu ni kukijua kitabu chenyewe. Mbele mna orodha ya yaliyomo, na nyuma, katika vitabu vingi vya ilimu, mna faharasa, iliyopangwa kwa herufi na kuonyesha kila jambo liko ukurasa gani. Mtoto atakaye khabari za ngome hana haja ya kusoma kurasa mia tatu. Atafute "Mombasa" katika faharasa, kisha afungue kurasa alizoonyeshwa. Lakini afunzwe pia kuwa si kila kitabu kimepangwa sawa. Mwanafunzi wa chuoni akilitafuta neno "maktaba" kwenye herufi mim katika kamusi za Kiarabu zilizopangwa kwa asili za maneno, hatalipata. Atalipata kwenye kaf, kwa sababu asili yake ni kaf, ta, ba. Basi la kuuliza kwanza ni: kitabu hiki kimepangwaje?

Jambo la nne, nalo ndilo kubwa kuliko yote, ni kuhakikisha. Turudi kwenye ngome yetu. Mtoto atafungua kitabu kimoja akute kuwa Wareno waliijenga mwaka 1593. Atafungua cha pili akute 1596. Kisha atakwenda ngomeni penyewe, atazame jiwe lililoandikwa Kireno juu ya lango, akute 1639. Hapa mtoto asiyefunzwa hushika mwaka mmoja na kuitupa miwili, au husema vitabu vyote ni vya uwongo. Aliyefunzwa huuliza: kila mmoja asema nini khasa? Ndipo atakapoona kuwa mwaka 1593 ndio ulioanzwa ujenzi, na 1596 ndio ulipomalizika. Na jiwe la 1639 halikuwekwa na walioijenga mwanzo. Ni la kapiteni aliyeitengeneza upya baadaye, baada ya Sultani Yusuf bin Hassan kuitwaa mwaka 1631 na Wareno kuirudia mwaka uliofuata. Miaka yote mitatu ni ya kweli. Aliyeisoma kwa haraka ndiye atakayekosea.

Na afunzwe pia kuwa vitabu viwili vilivyonakiliana ni shahidi mmoja, si mashahidi wawili. Jambo hili Waislamu ndio wanaopaswa kulielewa upesi kuliko wote, maana wanazuoni wa hadithi hawakuridhika kuuliza "imesemwa nini?" Waliuliza imepokewa kwa nani, na huyo aliipokea kwa nani, na kila mmoja wao alikuwa mtu wa namna gani. Na aya ya 6 ya Sura ya Al-Hujurat yatuamrisha kuihakikisha khabari kabla ya kuitenda. Basi itakuwaje tuwafunze watoto wetu kusoma aya hiyo kwa tajwidi, kisha tuwaache wakubali kila karatasi itokayo mashineni?

Maana mashine nayo iulizwe maswali yale yale. Nani kasema? Kasema lini? Amejuaje? Leo kuna na mashine zitungazo jawabu zenyewe kwa maneno mazuri yaliyonyoka, wala maneno kunyoka si dalili ya ukweli. Jawabu isiyo na mwenyewe haifai kuandikwa daftarini mpaka ipatiwe shahidi.

Jambo la tano ni amana. Mtoto asome, akifunge kitabu, kisha aandike kwa maneno yake aliyoyafahamu. Chini yake aandike jina la mtungaji, jina la kitabu, na ukurasa. Kurasa mbili alizoziandika hivyo, japokuwa na makosa ya tahajia, ni bora kuliko kumi za kunakili. Mwalimu atiaye alama kwa wingi wa karatasi ndiye afungulia mlango wa saiba.

Huenda wazee wengine wakasema: "Vitabu tuvitoe wapi?" Idara ya maktaba za taifa ya Kenya iliundwa kwa sheria mwaka 1965, na Mombasa ina maktaba yake. Tena katiba ya mwaka 2010 imezitia maktaba katika kazi za serikali za kaunti. Basi ni haki yetu kudai vitabu vya watoto, na vya Kiswahili miongoni mwao, na mtu wa kuwaonyesha watoto njia. Lakini tusingoje. Sanduku la vitabu thalathini darasani au msikitini, kila kimoja kikiwa na nambari mgongoni na orodha yao katika daftari moja, latosha kuanzia. Mtoto mmoja awe mwenye daftari kila wiki, akiandika nani amechukua nini na lini atarudisha.

Na ambaye hata sanduku hana, analo neno moja. Mtoto akileta khabari yoyote nyumbani, iwe ya skuli, ya mtaani au ya simu, mzee wake amuulize kwa upole: "Umejuaje, mwanangu?" Akizoea kuulizwa, atazoea kujiuliza.

Wa billahi taufiki.