Kwa Nini Soko la Hisa Husimama Katikati ya Siku?

Hisa ni fungu la umiliki katika kampuni. Mwenye hisa za benki ni mmojawapo wa wenye benki hiyo, naye hupata sehemu ya faida inapogawiwa. Hapa Tanzania hisa huuzwa na kununuliwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara Aprili 1998 likiwa na kampuni moja tu, TOL. Leo mwalimu aliyeko Mzumbe, chini ya milima ya Uluguru, kiasi cha kilomita 200 kutoka Dar es Salaam, aweza kumiliki hisa pasipo kufika huko kamwe. Akiba yake hutegemea bei inayofanywa na watu asiowajua. Yafaa basi aelewe kwa nini biashara ya hisa huweza kusimamishwa saa za kazi, hali wauzaji na wanunuzi wangalipo.

Bei hupatikanaje?

Bei ya hisa sokoni hupatikana kama bei ya kabichi za Mgeta zishukapo Morogoro: wauzaji wakizidi hushuka, wanunuzi wakizidi hupanda. Lakini ipo tofauti kubwa. Kabichi zikiwa rahisi, watu hununua zaidi, na kushuka huko hukoma. Hisa ikishuka ghafla, wenye nayo huweza kuingiwa na hofu wakauza. Bei ikashuka tena, na wengine wakaogopa zaidi. Mwendo huu hufanana na moto katika nyasi kavu za mlimani, ambapo kila shina linalowaka huliwasha la jirani.

Hasara yake ni dhahiri. Mtu mwenye hisa 1,000 za shilingi 500 ana mali ya shilingi 500,000. Bei ikianguka hadi shilingi 400 kwa uvumi tu, naye akauza, hupata 400,000. Kesho yake uvumi ukikanushwa na bei ikarudi 500, fedha hizo zitamnunulia hisa 800 tu.

Namna tatu za kusimamisha

Kwanza, kampuni ikiwa na habari nzito ya kutangaza, biashara ya hisa zake huweza kusimamishwa ili wote waipate habari kabla ya yeyote kununua au kuuza.

Pili, bei ya hisa moja ikienda kasi mno. Tarehe 6 Mei 2010 bei za hisa nyingi za Marekani zilianguka na kuinuka tena katika muda wa dakika chache. Baadaye iliwekwa kanuni kwamba hisa ikifika kwenye mpaka wake wa bei, isirejee ndani ya sekunde 15, husimamishwa kwa dakika 5.

Tatu, soko zima. Tarehe 13 Machi 2020, Kenya ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, fahirisi ya hisa 20 ya Nairobi ilishuka zaidi ya asilimia 5, na biashara ikasimamishwa. Mwezi huohuo masoko ya Marekani yalisimamishwa mara nne, kila mara kwa dakika 15, baada ya kushuka kwa asilimia 7.

Fyuzi iliyo dhaifu mno

Kanuni hizi hufanana na fyuzi ya umeme, na kama fyuzi, hudhuru zikipimwa vibaya. Januari 2016 China iliamuru soko lisimame dakika 15 likishuka asilimia 5, na lifungwe kwa siku nzima likishuka asilimia 7. Mipaka hiyo ilikaribiana mno. Wenye hisa, wakihofia kufungiwa ndani, walikimbilia kuuza mapema. Tarehe 7 Januari soko lilifungwa kabla ya biashara ya nusu saa kutimia, na kanuni ikaondolewa.

Kusimamisha biashara, basi, hakuifanyi kampuni mbovu kuwa njema, tena humzuia mwenye shida ya fedha asiuze saa ileile. Faida yake ni muda: habari humfikia mtu wa Mzumbe kama imfikiavyo wa mjini, naye huamua kwa hesabu badala ya hofu.

Zoezi

1. Hisa imeshuka kutoka shilingi 500 hadi 400. Ni asilimia ngapi? Ili irudi 500, yapasa ipande kwa asilimia ngapi? Eleza kwa nini majibu hayalingani.

2. Taja faida moja na hasara moja ya kuweka mpaka wa asilimia 2.