Safari ya Kwanza Guangzhou: Mwongozo kwa Anayekwenda Kufunga Mzigo

Ndege zinazotoka Dar es Salaam, Nairobi na Addis Ababa hushusha Guangzhou wafanyabiashara wetu wengi, wamekwenda kufuata nguo, viatu, vigae, taa na vipuri vya pikipiki. Anayekwenda mara ya kwanza huondoka nyumbani akiwaza vibaka, na wazee wamemshonea mfuko wa siri ndani ya suruali. Mfuko auvae, haudhuru. Lakini katika mitaa mingi ya mji ule mtu hutembea saa sita za usiku akiwa ameshika simu mkononi, na hakuna anayemgeukia. Hasara ya mgeni hutoka kwenye karatasi: viza aliyoisoma vibaya, chumba alichopanga bila polisi kujua, fedha aliyoituma kwenye akaunti isiyo ya kiwanda. Ndiyo maana hatua zifuatazo zinakaa sana kwenye karatasi na mezani, na mengine zinayapita mbio.

Hatua ya 1: Soma viza kabla ya kukata tiketi

Mfanyabiashara huomba viza ya kundi M, akiwa na barua ya mwaliko kutoka China. Ikishabandikwa kwenye pasipoti, tafuta mistari miwili ambayo watu huichanganya. Mmoja unataja tarehe ya mwisho ya kuingia. Ukifika baada ya hapo, viza imekufa. Wa pili unataja idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa kila unapoingia, tuseme 30, na hesabu yake huanza kesho ya siku uliyowasili. Sasa mtu anaiona ile tarehe ya kwanza iko miezi miwili mbele, anajipa miezi miwili, kumbe siku zake 30 zimekwisha na yeye bado yuko sokoni anachagua soli za viatu. Sheria inaruhusu faini ya yuan 500 kwa kila siku iliyozidi, hadi kufikia yuan 10,000, au kuwekwa kizuizini siku 5 hadi 15. Ukiona muda hautoshi, peleka ombi la nyongeza kwenye ofisi ya polisi inayoshughulika na wageni angalau siku 7 kabla haujaisha.

Viza hiyo ni ya biashara, haikupi ruhusa ya kuajiriwa. Kumshikia ndugu duka lake kwa malipo, hata wiki moja, ni kufanya kazi bila kibali.

Tarehe ya safari nayo ichague kwa akili. Maonyesho ya Canton, yanayofanyika tangu 1957, huja mara mbili kwa mwaka, kuanzia Aprili na kuanzia Oktoba, kwa awamu tatu. Kama huendi kwenye maonyesho, kwepa majira hayo, maana bei za hoteli hupanda vibaya. Kwepa pia Mwaka Mpya wa Kichina, kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari. Viwanda hufungwa, wafanyakazi hurudi kwao mikoani, na wiki kadhaa huweza kupita kabla kazi haijashika kasi tena.

Hatua ya 2: Kagua begi lako mwenyewe

Cheti cha homa ya manjano kiweke pamoja na pasipoti. Kisha ondoa miraa. Kule Meru ni zao la biashara na watu husomesha watoto kwa hilo, lakini China inaihesabu kuwa dawa ya kulevya, na afisa wa uwanja wa ndege hatasikiliza habari za mila. Kwa dawa nzito ni balaa: heroini ikifika gramu 50, adhabu inaanzia kifungo cha miaka 15 na inaweza kufika kifo. Kwa hiyo kifurushi cha mtu, hata kiwe cha jirani uliyekua naye, kikatae mbele ya macho yake. Meno ya tembo usiyaguse, hata kidani. China ilifunga biashara yake ya ndani ya meno hayo mwisho wa mwaka 2017.

Ukibeba taslimu inayozidi thamani ya dola 5,000, pita njia nyekundu ya forodha ukaitangaze. Wengi huogopa wakidhani watakatwa ushuru. Hukatwi, na karatasi unayopewa ndiyo itakayokutetea ukitoka na salio. Yuan taslimu zisizidi 20,000, kuingia wala kutoka.

Zawadi ya mwenyeji ni jambo la busara. Kahawa ya Kilimanjaro iliyofungwa vizuri kiwandani inapokelewa kwa furaha. Saa ya ukutani acha, kwa kuwa kumpa Mchina saa kunagusa mambo ya mazishi. Na mashabiki wa Yanga wanisamehe: kofia ya kijani msimpelekee mwanamume wa Kichina. Kwao, aliyevaa kofia ya kijani ni yule ambaye mkewe ana mtu wa pembeni.

Hatua ya 3: Andaa simu ukiwa bado nyumbani

Google, WhatsApp, Facebook na Instagram zimefungwa kwenye mtandao wa China. Laini ya nyumbani iliyowashwa huduma ya kutumika nje kwa kawaida huzifungua, ila gharama yake iulize mapema. Pakua WeChat na Alipay ungali nyumbani, thibitisha jina lako kwa pasipoti, na unganisha kadi yako ya Visa au Mastercard. Hata muuza viazi vitamu vya kuchoma barabarani hulipwa kwa kuchanganua msimbo. Malipo yasiyozidi yuan 200 kwa kadi ya nje hayana makato. Yakizidi, Alipay hukata asilimia 3. Noti bado ni halali, ila muuzaji anaweza kukosa chenji.

Piga picha jina na anwani ya hoteli kwa herufi za Kichina. Dereva wa teksi hatajua unavyolitamka.

Hatua ya 4: Saa 24 za kwanza

Ukilala hotelini, mapokezi watakuandikisha polisi wenyewe wakishaiona pasipoti. Ukilala kwa ndugu, au kwenye chumba cha kupanga kule Xiaobei ambako Waafrika wengi hufikia, wewe na mwenyeji wako mnapaswa kwenda kituo cha polisi cha eneo hilo ndani ya saa 24. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu mwenyeji anakwambia, "Pumzika kwanza mdogo wangu, tutakwenda Jumatatu." Mshukuru, kisha mwombe mwende leo. Faini yake hufika yuan 2,000, na kukosa karatasi hiyo kutakusumbua siku ukitaka kuongeza muda. Ukihama nyumba, andikisha upya.

Mwenye miaka 16 na kuendelea anatakiwa kutembea na pasipoti yenyewe. Polisi hukagua, hasa maeneo ya Xiaobei na Sanyuanli. Wakikusimamisha, toa pasipoti kwa mikono miwili, jibu kwa kifupi, usipaze sauti. Inaudhi pale wanapomruka Mzungu na kukufikia wewe, na una haki ya kuudhika. Lakini mabishano ya barabarani hayajawahi kumfupishia mtu ukaguzi.

Hatua ya 5: Barabarani

Kwao magari hupita kulia. Sisi tumezoea kuangalia kulia kwanza, na huko gari la kwanza litatokea kushoto. Kuna pia pikipiki za umeme, zisizo na sauti, zinazopanda hadi kwenye njia ya waenda kwa miguu na kuja kinyume. Angalia pande zote hata taa ikiwa yako. Beba karatasi laini, kwani vyoo vingi vya umma havina. Maji ya bomba usinywe. Maji ya moto utayakuta kila mahali, hadi stesheni za treni.

Watu watakukodolea macho, na wengine watakupiga picha. Mara nyingi ni udadisi tu. Ukitikisa mkono kwa tabasamu kuonyesha hutaki, wengi huacha. Kijana asiyekujua anayekukaribisha "tukanywe chai tufanye mazoezi ya Kiingereza" mwepuke. Bili ya chai hiyo inaweza kumaliza fedha ya kontena.

Hatua ya 6: Mezani

Guangzhou biashara huiva mezani, na meza ya Kikanton ina adabu zake. Kwenye mikahawa mingi utaona wenyeji wakisuuza bakuli na vijiti kwa chai ya moto ya kwanza na kuimwaga kwenye beseni. Fanya hivyo hivyo. Mtu akikumiminia chai, gonga meza polepole kwa ncha za vidole viwili: ndiyo shukrani. Wenyewe husimulia kwamba mfalme Qianlong wa karne ya 18 alisafiri kwa kujificha, akawamiminia chai watumishi wake. Wasingeweza kupiga magoti bila kumfichua, basi wakaviinamisha vidole mezani. Iwe kweli isiwe kweli, mgeni mweusi anapogonga vidole hivyo meza nzima hucheka kwa furaha na mazungumzo ya bei hulainika. Birika likiisha, usipunge mkono. Telezesha kifuniko kikae upande, mhudumu atalijaza.

Vijiti usivisimike wima kwenye wali, maana hivyo ndivyo udi husimikwa kwa wafu. Samaki mzima akiliwa upande mmoja, wengi wa pwani ile hawampindui, kwa kuwa kumpindua ni kuombea chombo kipinduke baharini. Huutoa uti wa mgongo na kuendelea chini. Mkigonganisha glasi na mtu mzima, ya kwako ishushe kidogo. Ukisikia *ganbei*, wanatarajia ukaushe glasi. Kama hunywi pombe, sema kwenye glasi ya kwanza kabisa na uinue chai. Watakuelewa. Aliyekunywa mbili kisha akakataa ya tatu ndiye wanayemshangaa.

Kwa Mwislamu, jambo la kujua ni kwamba menyu ya Kichina ikitaja nyama bila jina la mnyama, hiyo ni nguruwe, na mchuzi wa mboga unaweza kuwa umetokana na mifupa yake. Tafuta mabango yenye herufi 清真, yaani halali. Xiaobei yamejaa, hasa kwenye migahawa ya tambi za Lanzhou. Kwa swala ya Ijumaa, msikiti wa Xianxian upo, pembeni ya kaburi ambalo Waislamu wa huko hulinasibisha na sahaba Saad bin Abi Waqas.

Hatua ya 7: Sokoni na kiwandani

Sokoni muuzaji atakupa kalkuleta. Yeye ataandika bei, wewe utafuta na kuandika yako, naye atafuta tena. Kabla ya hapo atauliza unataka vipande vingapi, kwa sababu bei ya vipande 50 na ya 500 si za bidhaa moja. Mbinu ya Kariakoo ya kuondoka ili uitwe hufanya kazi, ila akishakuita na kukubali bei yako, ukageuka tena, umeharibu jina.

Kiwandani mambo ni mazito zaidi. Ukiibana bei kupita kiasi, meneja hatakataa. Atasema hakuna shida, kisha kitambaa kitakuja chepesi na zipu itakuwa ya plastiki. Kwa hiyo usiagize "fulana nzuri". Andika uzito wa kitambaa kwa gramu, aina ya uzi, vipimo, rangi na idadi kwa kila katoni. Sampuli mliyokubaliana iwe mbili, zote zisainiwe; moja ibaki kwao, moja ukae nayo. Kasoro ukiiona, mwite meneja pembeni. Ukimwumbua mbele ya vijana wake, atatetea heshima yake na wewe utabaki na mzigo mbovu.

Malipo ya kawaida ni asilimia 30 kuanza kazi na 70 baada ya ukaguzi. Omba nakala ya leseni ya biashara. Ina namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 18 kwa jumla, na jina la kampuni kwa Kichina. Jina hilo lilingane na lililo kwenye mhuri mwekundu wa mviringo kwenye mkataba, na lilingane na jina la akaunti. Mhuri huo kwao una nguvu kuliko sahihi. Akaunti ikibadilika katikati, hata ujumbe ukitoka kwenye anwani ileile ya barua pepe, simamisha malipo na upige simu ya video kwa mtu unayemjua uso. Dola zibadilishe benki, uhifadhi risiti. Wabadilishaji wa mitaani wanavunja sheria, na noti bandia ukipewa huna pa kulalamika.

Mkalimani mlipe mwenyewe. Anayelipwa na kiwanda hutafsiri kwa faida ya kiwanda. Siku ya kupakia kontena uwepo, ufungue katoni za katikati na za chini, maana za juu huwa nzuri siku zote. Kabla ya hapo uliza cheti cha ubora kinachotakiwa na TBS au KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, kwa sababu ukaguzi wake hufanyika mzigo ukiwa bado China.

Hatua ya 8: Likikupata jambo

Polisi ni 110, gari la wagonjwa 120, zimamoto 119. Namba 12367 ni ya uhamiaji, hupokea saa zote, na kuna wanaojibu kwa Kiingereza. Hospitali hutaka malipo kabla ya vipimo, basi acha akiba. Pasipoti ikipotea, anza polisi uchukue taarifa ya maandishi, ndipo uwasiliane na ubalozi wenu Beijing.

Hatua ya 9: Kuondoka

Yuan zilizobaki zirudishe kuwa dola kwa risiti ile ya benki. Betri ya akiba ya simu iwe kwenye begi la mkononi na isizidi saa-wati 100. Tangu 28 Juni 2025, ndege za ndani ya China hazipokei betri ya akiba isiyo na alama ya 3C, ile ya usalama wa bidhaa ya China, na nyingi zilizonunuliwa kwetu hazina. Kama utaunganisha kutoka mji mwingine wa China, angalia alama hiyo mgongoni mwa betri usiku kabla hujafunga begi.