Kiatu Kipya na Mguu wa Mvaaji

Mtu anunuapo kiatu kipya kikamuumiza, aghalabu huambiwa avumilie, kwani kiatu "kitazoea". Kauli hiyo ni ya kweli kwa viatu vya namna moja na ni ya hatari kwa viatu vya namna nyingine. Kiatu kigumu chenye umbo linalolingana na mguu hulainika kadiri kinavyovaliwa. Kiatu chenye umbo lisilolingana na mguu hakilainiki. Mguu ndio unaoharibika. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ya kuzitambua namna hizo mbili mapema, kabla ya jeraha, kwa kutumia elimu ya fizikia na biolojia ambayo mwanafunzi wa sekondari amekwisha kuipata darasani.

Mguu uliokulia mchangani

Kisiwa cha Bwejuu ni kimoja cha visiwa vidogo vya Wilaya ya Mafia, katika Mkoa wa Pwani. Kisichanganywe na kijiji cha Bwejuu kilichoko pwani ya mashariki ya Unguja. Katika kisiwa cha wavuvi kama hicho mtu hutembea mchangani, na chombo kifikapo ufukweni abiria hushuka majini, viatu mkononi. Mtoto hukua akitembea pekupeku au kwa kandambili. Kiatu kinachoufunika mguu wote humjia baadaye: aendapo shule ya sekondari, apatapo kazi bara, au ajiungapo na Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo mafunzo yake kwa wahitimu wa kidato cha sita yalirejeshwa mwaka 2013. Hapo hupewa buti, na kwata haingoji buti lilainike.

Mguu wa kijana huyo una umbo lake. Mwaka 1905 daktari Mmarekani Phil Hoffmann alichapisha matokeo ya kulinganisha miguu ya watu wanaotembea pekupeku na ya watu wanaovaa viatu. Alionyesha kwamba vidole vya wale wa kwanza vimetawanyika, ilhali vya wale wa pili vimesongwa na kufuata umbo la kiatu. Mwaka 2009 watafiti wa Ubelgiji waliopima miguu ya watu wa India Kusini waliozoea kutembea pekupeku waliikuta ni mipana zaidi sehemu ya mbele kuliko miguu ya wavaa viatu. Kwa hiyo kijana wa kisiwani akibanwa na kiatu kilichochongwa kwa kalibu nyembamba, kasoro si ya mguu wake.

Jambo la pili ni sugu, yaani ngozi nene ya unyayo. Zamani ilidhaniwa kuwa sugu hupunguza uwezo wa unyayo wa kuhisi ardhi. Utafiti uliofanywa pamoja na watu wa Kenya na kuchapishwa katika jarida la Nature mwaka 2019 ulionyesha kwamba sugu ya mtembea pekupeku huukinga unyayo bila kuupunguzia hisia za kugusa. Lakini sugu hiyo imeota mahali ambapo ardhi hugusa mguu. Haiko nyuma ya kisigino, wala juu ya vidole, wala pembeni mwa kidole gumba, na huko ndiko kiatu kipya kinakogusa. Ndiyo sababu mtu awezaye kupita juu ya changarawe bila kuumia huchechemea baada ya saa moja ndani ya kiatu.

Mfano wa Abebe Bikila

Tarehe 10 Septemba 1960, katika Michezo ya Olimpiki ya Roma, Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda mbio za marathoni kwa muda wa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, akiwa pekupeku. Inasimuliwa kwamba viatu vipya alivyovipata kabla ya mbio hizo havikumkaa vizuri, naye akaona ni heri kukimbia bila viatu, kama alivyokuwa amezoea katika mazoezi. Miaka minne baadaye, mjini Tokyo, alishinda tena, safari hii akiwa na viatu miguuni. Mfano huu hauthibitishi kwamba viatu ni vibaya. Unaonyesha kwamba mwanariadha wa hali ya juu kabisa aliona kiatu kipya kisichomkaa ni hasara kubwa kuliko kutokuwa na kiatu.

Lengelenge hutokeaje?

Wengi hudhani kwamba lengelenge ni ngozi iliyosuguliwa mpaka ikachoka. Sivyo hasa. Kiatu kikiushika uso wa ngozi kwa msuguano, uso huo hubaki pale pale, ilhali mfupa ulioko ndani husogea mbele na nyuma kwa kila hatua. Tabaka za ngozi zilizo katikati huvutwa pande mbili. Mvuto huo ukirudiwa mara nyingi, seli za tabaka la juu la ngozi hukatika ndani kwa ndani, chini ya sehemu ngumu ya nje. Nafasi inayopatikana hujaa majimaji. Kwa hiyo lengelenge huanzia ndani, nalo hutokea zaidi mahali penye ngozi nene iliyoshikana vyema na nyama, kama kisigino na unyayo. Mahali penye ngozi nyembamba hupatikana mchubuko badala ya lengelenge.

Mambo matatu huongeza hatari hiyo.

La kwanza ni kanieneo. Tuseme kiatu kinasukuma kisigino kwa kani ya nyutoni 10. Kani hiyo ikienea juu ya eneo la sentimita za mraba 10, kanieneo ni paskali 10,000. Kani hiyo hiyo ikiangukia mshono wenye eneo la nusu sentimita ya mraba, kanieneo huwa paskali 200,000, yaani mara 20 zaidi. Kiatu kilekile, mguu uleule. Mshono mmoja tu umeleta tofauti.

La pili ni idadi ya hatua. Mtu ambaye urefu wa hatua yake ni sentimita 70 hupiga hatua zipatazo 1,430 katika kilomita moja, yaani kama 715 kwa kila mguu. Katika safari ya kilomita 5 kisigino kimoja huvutwa zaidi ya mara 3,500.

La tatu ni unyevu. Ngozi kavu huteleza; ngozi yenye jasho hushikamana na soksi, na msuguano huongezeka. Katika hewa ya pwani yenye joto na mvuke mwingi, soksi iliyolowa yafaa ibadilishwe kabla mguu haujaanza kuwaka. Mchanga ulioingia kiatuni nao utolewe mara moja, kwani kila punje ni eneo dogo lenye kanieneo kubwa.

Ngozi ya kiatu hulainikaje?

Ngozi ya mnyama iliyotengenezwa kwa viatu ni mfumo wa nyuzi za kolajeni zilizosukwa pamoja. Inapokunjwa mara kwa mara mahali pamoja, nyuzi hizo huteleza kidogo zenyewe kwa zenyewe na kujipanga upya. Hapo ndipo mikunjo ya kiatu hufanyika, nayo hubaki. Joto na unyevu wa mguu husaidia kazi hiyo. Mafuta kidogo au nta ya viatu hupunguza msuguano baina ya nyuzi, lakini yakizidi huilegeza ngozi ikapoteza umbo.

Kutokana na maelezo hayo yapo mambo manne ya kuzingatia. Kwanza, ngozi hutanuka kiasi katika upana, lakini urefu wa kiatu haubadiliki, kwa kuwa soli haitanuki. Fundi viatu mwenye kalibu anaweza kuongeza nafasi kidogo mahali penye nundu. Hawezi kumpa mtu namba nyingine. Pili, viatu vingi vya siku hizi si vya ngozi bali ni vya plastiki au kitambaa kilichopakwa plastiki. Hivyo hutanuka kidogo sana, na mafuta hayavisaidii. Tatu, kiatu cha mtumba kimekwisha kulainishwa na mguu wa mtu mwingine, na mikunjo yake imekaa mahali pa vidole vya mwenyewe wa kwanza. Isipolingana na ya mvaaji mpya, haitafutika. Nne, maji ya bahari ni adui. Yakikauka huacha chumvi ndani ya ngozi, nayo hukakamaa. Kiatu kilicholowa maji ya bahari kioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kijazwe magazeti, kikaushwe kivulini. Kisianikwe juani wala karibu na moto, kwani ngozi yenye maji ikipata joto kali hujikunja na kupasuka.

Kupima kabla ya kununua

Namba ya kiatu ni kipimo cha urefu tu. Katika mfumo wa bara la Ulaya, namba moja huipita nyingine kwa milimita 6.67, katika mfumo wa Uingereza, kwa milimita 8.47. Hakuna katika namba hizo jambo lolote juu ya upana, na upana ndio tatizo la mguu uliokulia pekupeku.

Njia iliyo bora ni hii. Jioni, wakati miguu imevimba kidogo kwa kazi ya mchana, mtu asimame juu ya karatasi kwa uzito wake wote, na mwenzake achore mzingo wa kila mguu. Miguu miwili ya mtu mmoja aghalabu hailingani; kiatu kichaguliwe kwa mguu mkubwa. Mchoro ukatwe na kuwekwa juu ya soli ya ndani ya kiatu. Ukizidi soli hiyo pembeni, kiatu hicho ni chembamba na hakifai, hata kiwe cha bei nafuu namna gani. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya sentimita moja hivi.

Kiatu kigumu au kiatu kibaya?

Dalili zifuatazo husaidia kutofautisha. Kiatu kigumu tu huuma zaidi mahali kinapokunjika. Maumivu yake hupungua siku hadi siku, na kisigino kinachoinuka kidogo mwanzoni hutulia soli inapoanza kupinda. Kiatu kisichomkaa mtu huuma mahali palepale kila siku bila kupungua, hufanya vidole vife ganzi, huacha alama nyekundu isiyoondoka upesi baada ya kuvuliwa, au hugonga kucha mpaka zikawa nyeusi kwenye mteremko. Kiatu kinachopwaya nacho kina hatari yake, kwani mguu huteleza ndani yake na kuongeza mvuto. Soksi nzito, soli ya ziada au kukaza kamba kwenye kifundo huweza kukirekebisha. Kiatu kinachobana hakina tiba ya namna hiyo.

Kiatu kigumu kivaliwe nyumbani kwa soksi zilezile za safari: saa moja siku ya kwanza, mbili siku ya pili. Kisha kivaliwe kwa mwendo wa kilomita moja, halafu tatu, na mzigo uongezwe mwishoni. Kwa buti nzito wiki mbili si nyingi. Mguu ukianza kuwaka mahali fulani, mtu asimame hapo hapo na kupabandika plasta, kwa maana seli hazijakatika bado.

Lengelenge dogo lisitumbuliwe, kwani ngozi yake ni kifuniko safi kuliko bandeji yoyote. Likiwa kubwa na lenye maumivu, lioshwe kwa sabuni, litobolewe pembeni kwa sindano iliyochemshwa, majimaji yatoke na ngozi iachwe mahali pake. Baada ya siku moja seli za chini huwa zinagawanyika kwa kasi. Kufikia siku ya tano tabaka jipya gumu huwa limeanza kuonekana. Usaha, wekundu unaoenea au homa ni sababu ya kwenda hospitali.

Pasipo maumivu

Yote yaliyokwisha kuelezwa yanategemea maumivu kama kipimo. Wapo watu wasio na kipimo hicho. Kisukari cha muda mrefu huharibu neva za miguu, na ukoma hali kadhalika. Daktari Mwingereza Paul Brand, aliyeanza kazi Vellore, India, mwaka 1946, alionyesha kwamba vidonda vya wagonjwa wa ukoma havitokani na nyama kuoza yenyewe, bali na majeraha ya kila siku ambayo mgonjwa hayahisi. Kiatu kipya ni mojawapo ya visababishi hivyo. Nchini Tanzania, Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake walieneza mafunzo ya kutunza miguu ya wagonjwa wa kisukari, kwa kuwa kidonda kidogo kisichotunzwa huweza kuishia kwa kukatwa mguu.

Kwa mtu wa namna hiyo saa na macho huchukua nafasi ya maumivu. Kiatu kipya akivae kwa saa moja au mbili tu, akivue, autazame mguu wote, chini kwa kioo au kwa msaada wa mtoto wa nyumbani. Akiona wekundu au lengelenge, asitumbue, amwone mganga. Kwa mkazi wa Bwejuu, kufika Hospitali ya Wilaya iliyoko Kilindoni kunahitaji safari ya chombo, na bahari haiko shwari kila siku. Kwake yeye dakika tano za kutazama mguu kila jioni ni kinga kubwa.

Maswali na zoezi

1. Kiatu kinasukuma kidole kwa kani ya nyutoni 6. Tafuta kanieneo ikiwa eneo ni sentimita za mraba 3, na ikiwa ni sentimita ya mraba 0.2.

2. Eleza kwa nini sugu ya unyayo haimkingi mtu dhidi ya lengelenge la nyuma ya kisigino.

3. Wanafunzi wachore mzingo wa miguu yao asubuhi na jioni, wapime upana wa sehemu ya mbele, kisha waulinganishe na upana wa soli za viatu vyao. Ni wangapi darasani wanavaa viatu vyembamba kuliko miguu yao?

4. Jirani mwenye kisukari amenunua viatu vipya na anasema haviumi hata kidogo. Je, hilo ni jambo la kufurahia? Toa sababu, na ueleze utakalomshauri.