Amplifaya ya Kanisa Ikinyamaza

Katika parishi nyingi za Kilosa, amplifaya ya kanisa hununuliwa kwa sadaka ya wakulima. Basi ikinyamaza siku ya ibada, isikimbiliwe kwa bisibisi. Mara nyingi ubovu haumo ndani ya sanduku.

Tazama kwanza taa yake ndogo. Kama haiwaki, angalia soketi, plagi na fyuzi. Kama inawaka, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja: maikrofoni, kisha waya wake, kisha spika. Ukibadilisha vyote pamoja na sauti ikarudi, hutajua kibovu kilikuwa kipi, nacho kitakusumbua tena Jumapili ijayo. Waya wa maikrofoni hukatika hasa karibu na plagi, pale wanakwaya wanapouvuta.

Ikiwa yavuma, punguza sauti mpaka mwisho. Mvumo ukitoweka, chanzo huenda ni waya wa maikrofoni uliokatika wavu wake wa nje. Ukibaki vilevile, huenda kapasita kubwa za kusafishia umeme zimechoka. Hiyo ni kazi ya fundi. Mkwaruzo wakati wa kuzungusha kitufe cha sauti kwa kawaida ni vumbi, na vumbi la kiangazi twalijua.

Sasa fyuzi. Ikiungua, chomoa plagi, weka nyingine ya ampea zilezile, mara moja tu. Ikiungua tena, acha. Iko desturi ya kuifunga kwa karatasi ya sigara ing'aayo au kipande cha waya, nayo yafaa ikomeshwe kabisa. Fyuzi imewekwa ife yenyewe mapema; ukiizuia, transfoma yaweza kuwaka moto, na juu yake kuna paa la kanisa.

Vijana wasifungue sanduku. Hata plagi ikiwa imechomolewa, kapasita hushika umeme kwa muda, na katika amplifaya za zamani za valvu ni volti mia kadhaa, za kuua mtu. Fundi mwangalifu huijaribu akiwa ameunga taa ya wati 60 au 100 katika njia ya umeme, taa ya zamani yenye uzi ndani, si hizi za LED. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, ni dalili njema. Ikibaki kali, kuna mahali umeme unapita njia ya mkato, na taa imeokoa transista mpya.

Transista hizo huungua sana siku za sikukuu, Askofu anapokuja kwa kipaimara, spika za kuazima zikiongezwa. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba huwa omu 4. Nne huwa omu 2. Soma nyuma ya sanduku kiasi cha chini kinachoruhusiwa.

Mkimpelekea fundi, mpeni na karatasi: ilinyamaza lini, spika ngapi zilikuwa zimeungwa, fyuzi ya ampea ngapi. Tena mwombeni arudishe vipuri alivyovitoa, mweka hazina avione.