Riwaya na Faraja ya Mwanamke Aliyeachwa

Wako akina mama wengi katika nchi yetu ambao ndoa zao zimevunjika. Mmoja ameachwa, mwingine amekimbia kipigo, mwingine mumewe yu hai lakini amehamia kwa mwanamke mwingine, wala haji hata kuwajulia hali watoto. Watu hao hawakosi washauri. Shangazi husema vumilia, kaka husema rudi, jirani husema kamshitaki, na wote husema kwa wakati mmoja. Anayesikiliza ni haba.

Leo twapenda kusema juu ya kitabu cha hadithi, ambacho kwa mwanamke wa namna hiyo huweza kuwa mwenzi mwema. Twajua wapo wazazi wanaowanyang'anya binti zao riwaya zenye habari za ndoa zilizovunjika, wakihofu zisije zikawafundisha kuidharau ndoa. Hofu hiyo ina upendo ndani yake, lakini twadhani imekosa njia.

Tutwae kitabu kimoja kiwe mfano wetu. Mariama Bâ, mwalimu wa shule aliyezaliwa Dakar, Senegal, mwaka 1929, aliandika kwa Kifaransa riwaya fupi iliyotoka mwaka 1979. Nasi tunayo kwa Kiswahili kwa jina la Barua Ndefu Kama Hii. Mwaka 1980 ilipewa Tuzo ya Noma, nayo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Mwandishi mwenyewe alikuwa ameachana na mumewe, naye alikuwa mama wa watoto tisa. Alifariki mwaka 1981.

Msimulizi ni Ramatoulaye, mwanamke Mwislamu, mama wa watoto kumi na wawili. Mumewe Modou amekufa, naye akiwa ndani ya eda anamwandikia shoga yake Aissatou. Lakini kifo siyo jeraha la kwanza. Miaka kadhaa kabla yake Modou alimwoa Binetou, msichana aliyekuwa rafiki wa binti yake mwenyewe, na tangu hapo hakurudi nyumbani. Siku ya harusi hiyo mke mkubwa aliletewa habari na shemeji yake, rafiki ya mumewe, na imamu. Mume hakuja kusema kwa kinywa chake. Msomaji aliyepata kuachwa hahitaji kufafanuliwa ukurasa huo.

Basi faraja iko wapi katika habari za uchungu hivi? Kwa maoni yetu imo katika mambo madogo. Ramatoulaye anajifunza kulipa ankara za umeme na maji kabla siku haijapita. Anashughulikia vitasa na madirisha yaliyovunjika, na kumtafuta fundi wa bomba. Anakwenda sinema peke yake, watu wakimkazia macho. Anabanana katika basi pamoja na wanawe, mpaka Aissatou anapompatia motokaa, naye anajifunza kuiendesha akiwa mtu mzima. Mama wa Songea au wa Bukoba ambaye hajapata kuiona Dakar anaijua siku ile ya kwanza ya kumwita fundi wa paa mwenyewe na kupatana naye bei. Alidhani aibu ile ni yake peke yake; kumbe kuna mtu aliyeiona na kuiandika, wala hakuicheka.

Tena kitabu hakimlazimishi kufuata njia moja. Aissatou naye aliletewa mke mwenza, kwa shinikizo la mama mkwe aliyemdharau kwa kuwa ni binti wa mhunzi. Yeye aliondoka na wanawe wanne, akamwachia mumewe barua, akasoma vitabu, akajifunza kazi ya ukalimani, akapata kazi katika ubalozi wa nchi yake huko Marekani. Ramatoulaye hakuondoka. Mwandishi hamtukuzi mmoja ili kumshusha mwenzake, na urafiki wa hao wawili haukuvunjika kwa tofauti hiyo. Laiti ndugu wengi wangelisoma kitabu hiki kwa ajili ya jambo hilo tu!

Na wanaodhani riwaya hii inadharau ndoa, waangalie wachumba waliokuja baadaye. Shemeji mtu, Tamsir, alikuja kumrithi mjane mara tu baada ya arobaini, akafukuzwa kwa maneno makali. Kisha akaja Daouda Dieng, mtu mwema aliyempenda tangu ujana. Huyo naye alikataliwa, kwa upole, kwa sababu alikuwa na mke nyumbani, na Ramatoulaye hakutaka mwanamke mwingine atendewe aliyotendewa yeye. Hilo ni somo la ndoa kuliko hotuba nyingi.

Sisi Wakatoliki twashika ya kuwa kifungo cha ndoa hudumu. Lakini Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni 1153, yampa haki ya kutengana yule ambaye mwenzake anamhatarisha vikali, yeye au watoto. Na Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Familiaris Consortio wa mwaka 1981, aliagiza jumuiya iwategemeze waliotengana. Basi wanaomnong'ona mama huyo akipita kwenda kwenye benchi lake kanisani hawana waraka wa kuwasaidia.

Yapasa tuseme pia ya kuwa hadithi hailipi karo. Modou aliiweka rehani nyumba waliyochuma pamoja, kwa kuwa hati ilikuwa na jina lake tu, ili amnunulie Binetou nyumba nyingine. Anayesoma habari hiyo hapa Tanzania ajue ya kuwa sheria yetu ya ndoa ya mwaka 1971 yazungumza juu ya kugawana mali iliyochumwa pamoja, na ya kuwa Mahakama ya Rufani, mwaka 1983, ilikubali kazi za nyumbani za mke kuwa ni mchango. Hapo riwaya ifungwe kwanza, akaonwe mwanasheria.

Wala siyo kila hadithi inafaa. Zipo zile ambamo mwanamke aliyeachwa huolewa na tajiri katika ukurasa wa mwisho, na mume wa kwanza hurudi akiomba msamaha katika matambara. Ni tamu kwa jioni moja, lakini asubuhi msomaji huamka na maisha yale yale, tena akiwa na kinyongo zaidi. Afadhali Second-Class Citizen cha Buchi Emecheta wa Nigeria, cha mwaka 1974, kwa wasomao Kiingereza. Humo mume anauchoma moto mswada wa mkewe, kama ilivyompata mwandishi mwenyewe huko London. Emecheta aliondoka na watoto watano, akaiandika upya kazi iliyoungua, ikachapishwa mwaka 1976.

Anayetaka kumpa ndugu yake kitabu cha namna hii asimpe katika juma la kwanza la msiba wake, wala asimwambie, "Soma ujifunze." Akiache mezani. Asiyejua kusoma asomewe jioni na binti yake, au na mwenzake wa WAWATA, barua kidogo kidogo. Na akitaka kurudiwa mahali pale pa fundi wa bomba, arudiwe.