Kiti cha Gari ya Koperative: Tusitupe Ngozi ya Zamani



Leo tunaacha kidogo mihogo na mpunga, tuzungumze juu ya gari inayovibeba mpaka sokoni. Baadhi yetu bado tunatumikisha Land Cruiser za zamani, zile za familia ya 40 ambazo Toyota ilitengeneza Japani tangu 1960 hadi 1984. Injini yake tunaitunza, matairi tunayaziba, lakini viti hakuna anayeviangalia.

Sisi tuliona hasara yake. Tulikuwa tunashuka kutoka Fizi kwenda Baraka na magunia ya karanga, na mbele amekaa mama mmoja na mtoto wake mgonjwa. Kiti cha shofere kilikuwa kimebaki chuma tu, juu yake kipande cha ubao na gunia lililokunjwa. Kwenye shimo moja ule ubao uliteleza, mguu wa shofere ukakosa breki. Gari ikaenda kusimama pembeni, ndani ya potopoto. Hakuna aliyeumia, lakini tangu siku ile hatusemi tena kwamba kiti ni mapambo.

Tulipotaka kukitengeneza, tulikuta ngozi yake ya asili ilishatupwa. Fundi hakuwa na kitu cha kupimia. Kifuniko cha kwanza kilikuwa kifupi, cha pili kikawa kikubwa, na sisi tukalipa mara mbili. Kiti cha abiria, ambacho ngozi yake ilikuwa imepasuka lakini ingaliko, kilimalizika kwa siku mbili. Somo lote liko hapo: ngozi ya zamani, hata ikichanika, ndiyo kipimo. Usiitupe mpaka ile mpya ikae vizuri mahali pake.

Namna ya kufanya kazi

1. Kutoa kiti. Katika nyingi za gari hizi, hasa za miaka ya mwanzo, tangi la mafuta liko chini ya kiti cha abiria. Basi toa kwanza waya za batri, na mtu asivute sigara karibu. Buloni zikiwa na kutu, zitie mafuta usiku, uzifungue asubuhi. Ziweke zote ndani ya mukebe mmoja. Chuma kikitaka kuchomelewa, kipeleke mbali kabisa na gari.

2. Kuandika alama. Piga picha kwa simu, mbele na nyuma. Halafu andika namba kwa chaki au kalamu kwenye kila kipande, na chora mshale kuonyesha upande wa mbele.

3. Kufungua. Ngozi imeshikwa na pete za waya: zikate kwa pinsi, usivute kwa nguvu. Nyuzi zikate moja moja kwa wembe. Haraka haraka haina baraka, hata hapa kwetu Baraka. Kila kipande kilaze juu ya katoni na uchore ukingo wake. Jua limekaza ngozi hiyo kwa miaka mingi, kwa hiyo kunja mchoro katikati uone kama pande mbili zinalingana, na ulinganishe na chuma cha kiti kabla ya kukata kitambaa kipya.

4. Kuchagua cha kubakiza. Mara nyingi mahali pa kukalia panaoza, lakini pa kuegemea pangali pazima. Kilicho kizima kioshe kwa maji ya vuguvugu, sabuni na brashi laini. Usitumie esansi wala javeli, zinakausha ngozi mpaka inapasuka. Na mafuta ya mawese tuyaache jikoni: yanang'arisha siku moja, kisha yanashika vumbi na kufanya kiti kiteleze.

5. Chuma na springi. Sugua kutu, paka rangi ya kuzuia kutu, acha ikauke. Springi iliyolegea ifunge kwa waya. Juu ya springi tandaza gunia la katani, si lile la plastiki, ili springi zisile sponji.

6. Sponji. Ile ya zamani ikiwa nzima, ioshe, ikamue, ianike kivulini mpaka ikauke ndani kabisa. Ukinunua mpya, ikandamize kwa ngumi: ikirudi haraka ni nzuri, ikibaki na shimo ni ya godoro laini, haitafaa kitu kwa barabara zetu. Unene uwe ule ule wa asili. Ukizidisha, shofere anapanda juu na mguu unakuwa mbali na breki.

7. Kushona. Mashini ya miguu inatosha kwa tabaka mbili za ngozi ya plastiki. Penye tabaka tatu au nne, zungusha gurudumu kwa mkono. Tumia sindano nene na uzi wa nailoni, kwa sababu uzi wa pamba unaoza kwa jasho na mvua. Hatua ya mshono iwe milimita 3 mpaka 4. Mshono wa hatua fupi unatoboa matundu mengi, na ngozi inakatika kama karatasi. Ukirudishia kipande cha asili, pita kwa mkono kwenye matundu yake ya zamani, usitoboe mengine.

8. Kurudisha. Anika kifuniko juani kidogo kilainike. Anza kufunga katikati, kisha nenda pembeni. Kaza buloni zote, halafu tikisa kiti kwa mikono miwili. Kikicheza, gari isitoke.

Nani afanye kazi hii?

Tusikimbilie kuagiza mbali. Hapa Baraka wako mafundi wazuri wa kushona, na kati yao wamo waliojifunza kazi kule kambini Nyarugusu, Tanzania, kabla ya kurudi nyumbani. Franka tunazowalipa zinabaki kwetu, na kiti kikichanika tena fundi yuko karibu. Michoro ya katoni iwekwe ndani ya depo pamoja na karatasi za gari, maana ni mali ya wanamemba wote. Wakati mzuri ni kiangazi, Juni mpaka Agosti, kila kitu kinapokauka upesi.

Maswali ya kuzungumzia mkutanoni

Shofere wetu amekaa juu ya nini leo? Ngozi za asili za viti vyetu ziko wapi? Katika daftari la matumizi, je, tumeweka kitu kwa ajili ya viti, au tunangoja shimo lingine litukumbushe?